Mwana wa Mwaloni, Mwana wa Kibanjani

Kemondo ni kitaa mchanganyiko kinoma. MV Victoria ikitoka Mwanza inagusa bandari yetu kabla ya Bukoba mjini, na kwa miaka mingi ziwa limetuletea Wakerewe, Wajita, Wakara na Wasukuma. Wengi walikuja kusaka dagaa, wakabaki mazima mwaloni, kule ufukweni. Huku juu kibanjani, kwenye migomba, wapo Wahaya, na makaburi ya mababu yako shambani humo humo.

Madogo wa pande zote wanakutana shule ya kata. Tangu 2016 ada ilipofutwa hadi kidato cha nne, wa mwaloni na wa kibanjani wanabanana dawati moja. Ushkaji unaanzia hapo, kwenye kuazimana kalamu na kusaidiana hesabu.

Tatizo ni mkwanja. Watu wanadhani mwenye nyumba ya tofali na migomba kibao ndiye wa kishua muda wote. Wapi! Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi inalala. Mchizi wa ziwani leo ana buku tano, wiki mbili baadaye hata jero hana. Wa kibanjani naye anasubiria msimu wa kahawa, na kama mshua wake kashapiga butura, yaani kauza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa, msimu unafika na nyumbani hakiingii kitu. Kwa hiyo wana hawa wanapokezana kufulia. Nimewacheki mwaloni wakigonga msosi sufuria moja, ndizi zimetoka kwa bibi wa mmoja, samaki kaleta mwingine, na mwenye kisu ndiye anayemenya. Hakuna aliyeuliza nani katoa nini.

Kinachozingua ni maneno ya nyumbani. Huku kibanjani utasikia, "Huyo wa kuja, hana hata kibanja." Kule mwaloni nako, "Achana na hao Wahaya, manshomile, wanaringa." Inaniuma, maana dharau hii wala haikuanza na kabila. Enzi za nyarubanja, ule mfumo wa zamani wa umiliki wa ardhi, bwana mwenye ardhi na mtwana aliyekuwa akimlipa wote walikuwa Wahaya, wanaongea Kihaya kile kile, na bado mmoja alimpigia magoti mwenzake. Mfumo ule ulipigwa chini kwa sheria ya 1965. Sasa kwa nini tuufufue kwa mtoto wa mvuvi?

Na wazee wetu wa enzi hizo hizo walikuwa na omukago. Wawili wasiozaliwa pamoja wanachukua punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja anapaka yake damu, wanabadilishana na kuzila. Tangu hapo ni ndugu, na kumsaliti mwenzako ni balaa. Damu tuiache, magonjwa yapo. Ila undugu wa kuchagua ni mila yetu kabisa, haukuletwa na mitandao.

Basi mwanangu, Novemba senene wakianza kuruka, mlete mshikaji wako nyumbani mkawanyonyoe pamoja, aingie ndani, asiishie uani. Siku yako ikifika nenda kwao mwaloni, ukae mkekani ule ulichopewa. Nanyi wazazi wetu, waitu, tunawaomba: akija mgeni wetu mpeni kahawa ya kutafuna kama mnavyowapa wageni wenu.