Picha za Marehemu Wetu: Zitiwe Fremu Wapi?

Wengi hudhani fremu ya picha ni pambo tu. Kwetu Salale, katikati ya mikoko, ambako unyevu wa mto na wa bahari haukauki ukutani, fremu ndiyo nyumba ya picha. Ikijengwa vibaya, picha huharibika upesi kuliko kama ingaliachwa sandukuni.

Tumemwona mjane mmoja aliyekuwa na fremu ya rangi ya dhahabu, iliyonunuliwa mjini kwa fedha nyingi. Ndani yake ilikuwamo picha ya marehemu mumewe, wala hakuna nyingine duniani. Fundi aliilaza juu ya kioo bila kuacha nafasi yo yote. Masika mawili yakapita. Uso wa picha za zamani una utando wa jelatini, kitu cha jamii ya gundi. Utando ule ukalainika kwa unyevu ukashikamana na kioo, na walipojaribu kuibandua picha, jicho la marehemu na shavu lake vikabaki kiooni.

Kwa hiyo twasema, fundi achaguliwe kwa maswali, si kwa fremu zing'aazo dukani mwake. Kwanza mwulizeni ataitengaje picha na kioo. Ajuaye kazi atawaonyesha kadibodi nene iliyokatwa dirisha katikati. Picha hukaa nyuma ya dirisha hilo, na unene wa kadibodi huiweka mbali na kioo. Tena mwulizeni kadibodi hiyo ni ya nini. Ile rahisi, ya mti uliosagwa, ina asidi. Hugeuka manjano, ikaichoma picha ukingoni polepole. Ya pamba hudumu, ijapokuwa bei yake ni kali na si kila duka linayo. Lakini swali tulipendalo zaidi ni hili: je, kazi yake yaweza kufunguliwa baadaye bila kuidhuru picha? Abandikaye picha nzima ubaoni kwa gundi, mwageni kwa adabu. Aishikizaye upande wa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba na uji wa wanga wa ngano, huyo mpeni kazi.

Kwa habari ya mbao, hatuoni haja ya kupita Kibiti. Seremala wa huko aijua mninga na mkongo, miti isiyopindapinda ikikaushwa vema, tena mchwa hawaipendi. Boriti za mikoko zatufaa kwa kujengea. Katika fremu tusizitie. Kadibodi njema ndiyo ya kutafutwa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 100 kutoka Kibiti.

Lakini picha ya pekee isisafirishwe ovyo. Toka vijiji vya visiwani hadi gati la Nyamisati ni safari ya mtumbwi au boti, na maji ya chumvi hayachagui mzigo. Mwenye picha aichukue mwenyewe, imefungwa vema, mpaka studio ya kwanza yenye mashine ya kunakili. Kisha nakala ndiyo itiwe fremu. Ya asili iwekwe katika bahasha ya karatasi, si ya plastiki, mahali pakavu. Wako wasemao kwamba kutundika nakala ni kumvunjia marehemu heshima. Sisi hatukubali. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamia katika maji yetu haya tarehe 11 Julai 1915. Chuma chake kikauzwa kuwa chakavu, lakini picha zake ikiwa imelala ubavu mtoni zatazamwa hata leo, na azionaye huziona katika nakala.

Fremu ikifika nyumbani, bandikeni vipande viwili vya kizibo nyuma yake, upande wa chini, hewa ipate kupita kati yake na ukuta; wala msiitundike palipo na jua la dirisha.