Orodha 'ya' matatu au orodha 'yenye' matatu?

UKISEMA 'kikombe cha chai', je, unanuia kikombe chenye chai au cha kunywea chai? Kihusishi '-a' unganifu hubeba maana zote mbili, na muktadha ndio hutuamulia. Kompyuta haina bahati hiyo.

Vijana wa Kayole na Buruburu wanaojifunza kuprogramu huniuliza: ikiwa kila matatu ni gari, mbona kompyuta hukataa orodha ya matatu itumiwe kama orodha ya magari? Wengi hudhani ni ukaidi tu wa mashine. La hasha!

Chukua daftari la chama cha matatu. Ukimpa karani ukamwambia ni 'orodha ya magari', ana haki ya kuandika humo lori la mchanga. Kwani lori si gari, jamani? Kesho yake msimamizi wa steji, akijua daftari ni la matatu tupu, anaita gari linalofuata lipakie abiria 14. Linakuja lori! Karani hana kosa. Kosa ni la aliyebadilisha jina la daftari.

Njia salama ni mbili. Ya kwanza ni kumwonyesha karani daftari bila kumpa kalamu. Ndiyo kazi ya kiolesura, yaani ahadi ya yale yanayoruhusiwa kufanywa, bila kujali kilicho nyuma yake. Katika lugha ya C#, kiolesura IEnumerable huruhusu kusoma tu, na tangu toleo la 4.0 la mwaka 2010, orodha ya matatu hupita hapo kama ya magari bila kubadilishwa.

Ya pili ni kunakili: unafungua daftari jipya la magari, unahamishia humo matatu zote, kisha lori linaandikwa huko. Daftari la zamani linabaki lilivyokuwa. Safu za Java huruhusu njia ya mkato, lakini lori likiingizwa, programu huanguka ikiwa tayari inaendeshwa.

Kiswahili kina maneno ya kutenganisha haya. Orodha yenye matatu ni orodha yenye magari, hapana ubishi. Orodha ya kuwekea matatu si ya kuwekea magari. Basi sisi tunaotunga istilahi tusijifiche nyuma ya '-a'. Tukimpa mwanafunzi neno lisilo na utata, hatakariri kanuni asiyoielewa.