Milisekunde Zinazoizuia Studio Kuingia Mfukoni

Singeli haina subira. Muziki huu wa uswahilini Dar es Salaam hukimbia kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, na wengi wanaoutengeneza hutumia FL Studio, programu ya Wabelgiji iliyozaliwa mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, pamoja na Virtual DJ, ambayo asili yake ni ya madijei. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa biti za studio ya Sisso iliyoko Mburahati, Dar es Salaam, na wasikilizaji wa Ulaya wakabaki midomo wazi kwa kasi ile. Mimi nashangaa jambo jingine: mtaa umejaa simu janja, lakini prodyuza bado anaitafuta kompyuta.

Sababu mojawapo ni muda. Ukigusa kioo cha simu ili ngoma ilie, mguso hupitia mfumo wa simu, ukafika kwenye programu, nayo ikakokotoa sauti. Sauti hiyo haiendi moja kwa moja kwenye spika. Hupangwa foleni, fungu kwa fungu. Sekunde moja ya sauti ya kawaida ina sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44,100, hivyo fungu la sampuli 256 huchukua kama milisekunde 6, na la 1,024 hukaribia 23. Foleni yenyewe huwa na mafungu zaidi ya moja. Mafungu yakiwa madogo mno, prosesa dhaifu hushindwa kuyajaza kwa wakati na sauti huanza kukwaruza. Kwa hiyo simu ya bei nafuu hupewa mafungu makubwa, na anayesikiliza nyimbo tu wala hagundui.

Mpiga ngoma hugundua papo hapo. Kwa mapigo 300 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 200. Simu ikichelewa milisekunde 100, unagonga sasa na ngoma inalia nusu pigo baadaye. Vidole vinakosa pa kushika. Ongeza spika ya Bluetooth, ambayo nayo ina ucheleweshaji wake, uone kama utamaliza hata mstari mmoja.

Apple waliwahi. Programu yao ya muziki, GarageBand ya mwaka 2004, ilihamia kwenye iPad na iPhone mwaka 2011, na kwa kuwa kampuni moja ndiyo inayounda simu na mfumo wake, foleni ilikuwa fupi tangu mapema. Android, mfumo wa simu nyingi zilizoko mikononi mwetu, ilichelewa. Mwaka 2017 toleo la 8 lilileta AAudio, njia fupi zaidi ya kupitisha sauti, na simu inayotaka kutambuliwa kuwa ya kazi ya muziki hutakiwa kuzungusha sauti, kutoka inapoingia hadi inapotoka, ndani ya muda mfupi uliowekewa kikomo. Simu za bei ya chini hazilazimiki kufika huko.

Hapo ndipo ninapoiona biashara: programu iliyoandikwa kwa ajili ya simu dhaifu. Biti inayopangwa kwa kuweka alama kwenye gridi haijali ucheleweshaji, maana programu inajua mapema ngoma italia lini. Hata kurekodi sauti ya mwimbaji kuna dawa yake. Programu hutoa mlio mfupi kwenye spika, ikausikiliza kwa maikrofoni ya simu ileile, ikapima umechelewa kiasi gani, kisha ikaivuta rekodi nyuma kwa kipimo hicho. Hesabu yake si kubwa. Anayetakiwa ni mtu wa kuifanya kwa simu zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na barabara ya Luthuli, Nairobi.

Malipo nayo ni kikwazo. Bei ya dola inayodai kadi ya benki humsukuma kijana kwenye kopi iliyokrakiwa, wakati M-Pesa ipo tangu 2007 na watu wamezoea kununua bando la wiki. Kampuni ya BandLab ya Singapore ilichagua kutoa programu yake ya kutengeneza muziki bure, na mwaka 2024 ikatangaza kuvuka watumiaji milioni 100.

Kuna soko jingine ambalo halisemwi sana. Programu nyingi huja na noti 12 zenye nafasi sawa, ilhali taarabu ya Unguja hutumia pia maqamu, yaani ngazi za noti za Kiarabu. Noti ya tatu ya Rast, mojawapo ya maqamu hizo, hukaa kati ya funguo mbili za kinanda, na mpiga fidla huipata kwa kusogeza kidole tu. Yamaha na Korg waliliona hilo zamani, wakawauzia Waarabu vinanda vyenye vitufe vya kushusha noti kwa robo. Kwenye kioo cha simu kitufe cha namna hiyo hakigharimu plastiki wala waya. Atakayekiweka, akiongeza midundo ya kidumbaki na chakacha badala ya ile ya disko inayokuja na programu nyingi, atapata wateja Unguja, Mombasa na hata Maskati.