Matao ya Mawe Jangwani

Je, umewahi kuona mwamba wenye tundu kubwa, hata mtu akaweza kupita chini yake? Mwamba wa namna hiyo huitwa tao. Umepinda kama upinde.

Katika jimbo la Utah, nchini Marekani, kuna hifadhi ya taifa iitwayo Arches. Ni nchi ya jangwa. Mvua ni haba na miti ni michache. Lakini matao yake ni zaidi ya 2,000. Hayakujengwa na watu.

Ni nani basi aliyeyatoboa? Ni maji. Mawe ya huko ni mchanga ulioshikamana. Mvua ikinyesha, maji huingia katika nyufa na kulegeza mchanga huo. Wakati wa baridi kali maji huganda. Barafu huhitaji nafasi kubwa kuliko maji, kwa hiyo hupanua ufa. Vipande huanguka kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka. Bandu bandu, huisha gogo. Wewe mkulima umeona jinsi maji yanavyokula udongo wa shamba.

Kazi hiyo haijaisha. Tao liitwalo Landscape lina upana wa mita 88 hivi. Mwaka 1991 watu walikuwa wakipumzika chini yake. Wakasikia mwamba ukialika, wakakimbia. Mara kikaanguka kipande chenye urefu wa mita 18. Wote walipona. Baadaye njia ya chini ya tao hilo ilifungwa. Mwaka 2008 tao jingine, Wall, lilianguka kabisa.

Wageni wengi huenda kwa miguu kuona tao liitwalo Delicate. Kwenda na kurudi ni kilometa 5 hivi. Hakuna kivuli. Siku za joto, kipimo huweza kupita digrii 38. Ukienda huko, fanya hivi:

1. Chukua maji lita 2 au zaidi.
2. Ondoka mapema asubuhi.
3. Vaa kofia, na viatu visivyoteleza.
4. Fuata njia. Usikanyage udongo mweusi wa kando. Una viumbe hai wadogo sana wanaouzuia usipeperushwe na upepo.
5. Nusu ya maji ikiisha kabla hujafika, rudi. Nusu iliyobaki ni ya kukurudisha.

Maswali
1. Barafu hupasuaje mwamba?
2. Kwa nini msafiri arudi maji yakifika nusu?
3. Katika kijiji chenu, maji yamekula wapi?