Bwalo Kubwa na Walaji Wake

Kila mwenye karatasi hii na aiweke mbele yake, afuate maneno kwa kidole ninaposoma polepole. Somo la leo lahusu chakula, lakini si somo la mapishi. Twataka kujua kwa nini watu huacha kula mahali fulani, na jinsi wanavyoweza kurudishwa.

Tuanze kwa hesabu. Tuseme bwalo la chuo hutumia shilingi 600,000 kila siku kwa mishahara, taa, maji na moto, kabla ya kununua hata kibaba cha mchele. Wakija watu 2,000, kila mtu abeba shilingi 300 za gharama hiyo. Wakija 1,000 tu, kila mtu abeba shilingi 600. Basi mwenye bwalo afanyeje? Akipandisha bei, wengine watakimbia. Akipunguza nyama mchuzini, watakimbia vilevile. Mzigo utawaelemea waliobaki, na mwisho wapishi wataachishwa kazi. Mnaona hatari yake?

Sasa tutazame mfano wa kweli. Huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, kiko chuo kikuu katika mji wa Amherst. Kilianzishwa mwaka 1863 kiwe chuo cha kilimo. Kina mabwalo manne makubwa, nayo ni Berkshire, Hampshire, Franklin na Worcester. Mwanafunzi hulipia chakula cha muhula mzima kabla ya kula, kisha huingia bwaloni akala mpaka ashibe. Lakini wakaao nje ya chuo hawalazimishwi kulipa. Wakikipenda chakula hulipa. Wasipokipenda hupika kwao. Tangu mwaka 1999, kabla ya miaka 20 kupita, hesabu ya waliolipia chakula ilizidi maradufu. Chuo nacho kilikua, lakini si kwa kadiri hiyo. Walifanya nini?

Jambo la kwanza ni foleni. Bwalo la zamani huwa na meza moja ndefu ya kugawia, na watu wote hupita hapo. Ikiwa kila mtu huchukua nusu dakika, watu 300 watamalizika baada ya dakika 150, yaani saa mbili u nusu. Nani atangoja? Bwalo la Berkshire lilijengwa upya likafunguliwa mwaka 2006, na la Hampshire mwaka 2013. Humo meza za kugawia ni nyingi, kila moja na chakula chake. Hapa nyama za kuchoma, pale mboga, kule wali na samaki wa Kijapani. Gawanyeni wale watu 300 katika meza tano, watahudumiwa kwa dakika 30. Chakula ni kile kile na wapishi ni wale wale. Kilichobadilika ni mpango wa chumba.

Jambo la pili ni macho na pua. Zamani mpishi alifichwa nyuma ya ukuta, na chakula kilipikwa mapema kikakaa mpaka kikapoa. Katika mabwalo mapya mpishi hupika mbele ya watu, kidogo kidogo. Mlaji huona kitunguu kikikaangwa, husikia harufu, hujua chakula ni cha sasa hivi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini hata chema hakijiuzi kikifichwa.

Jambo la tatu ni sahani. Mtu mwenye njaa akipewa sahani kubwa huijaza, kisha nusu humwagwa. Huko Amherst chakula hutolewa kwa visahani vidogo. Mlaji huonja vitu vingi, na akikipenda kimoja hurudi tena. Hivyo hufurahi zaidi, na kinachotupwa hupungua. Fedha iliyookolewa katika mapipa ya taka yaweza kununua nyama bora.

Jambo la nne ni mahali pa kukaa na saa za kula. Mtu aliye peke yake huona haya kuketi kwenye meza ya watu wanane wasiomjua. Basi yafaa ziwepo meza ndefu za makundi, meza ndogo za watu wawili, na viti kando ya dirisha kwa mtu mmoja. Tena wanafunzi husoma usiku. Kwa hiyo bwalo la Berkshire hukaa wazi mpaka usiku.

Jambo la tano ni kuwashirikisha walaji wenyewe. Mwaka 2010 wanafunzi walianza kugeuza uwanja wa nyasi kando ya bwalo la Franklin uwe bustani. Mboga zake hupikwa mabwaloni. Mtu aliyeshika jembe huwa na hamu ya kuonja mavuno yake.

Ndugu msomaji, labda wewe una banda la chakula lenye mabenchi mawili, au wapika katika shule ya watoto wako. Usiseme habari hizi ni za matajiri. Kabla ya kununua rangi ya kupaka ukutani, simama mlangoni wakati wa chakula cha mchana. Hesabu wanaoingia. Hesabu pia wanaochungulia foleni kisha wakaenda zao. Tazama kinachobaki katika sahani. Waulize waliokuhama, maana waliobaki hawana siri yao. Hayo hayagharimu hata senti moja.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Mtu mmoja akihudumiwa kwa dakika moja, watu 60 katika foleni tatu watamalizika baada ya dakika ngapi?
2. Kwa nini kupandisha bei kwaweza kuongeza hasara?
3. Eleza jambo moja ambalo ungelibadilisha mahali unapokula, na sababu yake.