Chambo cha Taa na Chambo cha Ndoana katika Ziwa Kivu

Samaki wanaovuliwa mbele ya Nengo, katika sekta ya Gisenyi wilayani Rubavu nchini Rwanda, hawafanani katika ulaji wao, na hapo ndipo uchaguzi wa chambo unapoanzia. Ziwa Kivu lina kina cha takriban mita 485 mahali penye kina kirefu zaidi, lakini sehemu kubwa ya maji hayo haina uhai wa samaki. Chini kabisa yamejaa gesi ya kaboni dioksidi na methani, bila oksijeni. Samaki wote wanaishi katika tabaka la juu, ambalo kwa kawaida halizidi mita sitini au sabini, na spishi zao hazifiki hata thelathini. Ikilinganishwa na Tanganyika au Victoria, idadi hiyo ni ndogo sana. Hakuna sangara humu, wala samaki mwingine mkubwa wa maji ya katikati anayeishi kwa kuwinda wenzake.

Kwa muda mrefu maji ya katikati ya ziwa yalikuwa karibu matupu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa serikali ya kikoloni ya Ubelgiji walichukua vifaranga vya dagaa wa Ziwa Tanganyika na kuvimwaga Kivu. Nia yao hasa ilikuwa kumleta Stolothrissa, dagaa mdogo anayepatikana kwa wingi Tanganyika. Aliyeshika makazi akazaana ni mwenzake, Limnothrissa miodon. Ndiye huyu anayeitwa sambaza Goma, upande wa Kongo, na isambaza upande wa Rwanda. Leo ndiye samaki anayelisha masoko ya pande zote mbili za mpaka, akiuzwa mbichi, mkavu au wa kukaanga.

Sambaza hushibia wadudu wadogo mno wanaoelea majini, ambao wengi wao hawaonekani vizuri kwa macho. Mnyoo uliotundikwa kwenye ndoana hautamvuta, na ndoana yenyewe ni kubwa kwa kinywa chake. Mchana hujificha chini, mbali na macho ya ndege. Giza likiingia hupanda kufuata wadudu wale, ambao nao hupanda usiku. Mwanga ukimulika juu ya maji, wadudu hukusanyika na sambaza hukusanyika nao. Kwa hiyo chambo cha sambaza ni taa, na ustadi wa mvuvi uko katika kuipanga, kuisubiri na kuijua saa ya kuinua wavu.

Chombo kilichozoeleka kwa kazi hiyo ni mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu ya mkaratusi, ikiwa na wavu mpana unaoning'inia katikati. Wanaoendesha chombo kimoja huitwa ikipe, neno lililotoka katika Kifaransa. Uvuvi wa namna hii ulienea mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, wakati Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipokuwa na mradi wa uvuvi Gisenyi. Ikipe hutoka jioni, mara nyingi kwa kupiga makasia huku wakiimba ili mikono yote ivute pamoja. Wakifika mahali wanapopataka, wavu huteremshwa na taa huwashwa juu yake. Kisha ni kusubiri. Subira hii ndiyo inayomshinda mgeni: akiona samaki wachache wanazunguka anataka kuinua mara moja, ilhali kundi kubwa bado liko chini likipanda polepole. Mvuvi mzoefu hutazama jinsi maji yanavyometameta pembezoni mwa duara la mwanga. Kundi likishasongamana, taa za pembeni hupunguzwa au kuvutwa ili samaki wasogee katikati, na wavu hupandishwa kwa pamoja bila kishindo.

Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Zilikuwa na mwanga mzuri, lakini mafuta yalikula sehemu kubwa ya mapato ya usiku, utambi wa karabai ulivunjika kwa mtikisiko, na upepo mmoja ungeweza kuzima kazi nzima. Taa za LED zinazotumia betri, nyingine zikichajiwa kwa jua, zimechukua nafasi ya karabai nyingi. Hata hivyo taa kali zaidi haileti samaki wengi zaidi kila mara. Mwanga unaomwagika mbali sana hutawanya kundi, na samaki hubaki ukingoni nje ya wavu. Taa iliyofunikwa juu, inayoelekeza mwanga wake chini kwenye maji, hufanya kazi bora kuliko taa inayong'aa kila upande.

Mwezi ni mshindani wa kila taa. Mbalamwezi ikijaa, uso wote wa ziwa una mwanga, na taa ya mvuvi haina jipya la kuwaonyesha samaki. Ndiyo maana wavuvi wa sambaza wa Kivu, sawa na wavuvi wa dagaa wa Tanganyika na Victoria, hupanga kazi yao kwa siku za giza na hutumia siku za mwezi mpevu kushona nyavu. Karibu na Gisenyi kuna mwezi wa pili usiopungua kamwe: taa za mji, za hoteli na za Goma ng'ambo ya mpaka. Kuvua chini ya mwanga huo ni kupoteza usiku. Ikipe huenda mbali na pwani, na huepuka pia njia za boti zinazokwenda Bukavu, kwa kuwa mawimbi ya boti kubwa huvuruga wavu uliotulia na mngurumo wa injini hushtua kundi lililokwisha kukusanyika. Mpaka wa nchi nao hauonekani majini. Mvuvi asiyejua alama za nchi kavu anaweza kukokotwa na upepo hadi upande usio wake, na kujikuta mikononi mwa doria.

Karibu na miamba na matete ya pwani kazi ni nyingine kabisa, na hapa ndoana ina nafasi yake. Wapo tilapia, baadhi yao wakiwa wameletwa kutoka kwingine. Wapo samaki wadogo wa jamii ya Haplochromis, ambao Wanyarwanda huwaita indugu na wengi wao hawapatikani popote duniani isipokuwa Kivu. Wapo kambale, na kuyu wakubwa ambao majira ya mvua hupanda mito kutaga. Tilapia hula mwani na mabaki ya mimea, hivyo kidonge cha ugali uliokandwa vizuri humfaa, na mnyoo wa ardhini pia. Indugu hudonoa mnyoo kwa upesi. Ndoana ndogo kabisa ndiyo inayompata. Kambale hutafuta chakula kwa harufu na masharubu, usiku, kwenye maji yaliyochafuka. Mahali kama mlango wa mto Sebeya baada ya mvua panamfaa, na chambo chake ni utumbo au kipande cha samaki kilicholazwa chini kwa chubwi.

Maji ya Kivu ni maangavu mno, na jambo hilo huwapa taabu wavuvi wa ndoana kuliko wanavyodhani. Uzi mnene huonekana. Kivuli cha mtu aliyesimama juu ya mwamba huonekana. Mchana, waogeleaji na boti za matembezi wakiwa wengi, samaki wa pwani husogea kwenye kina au huingia kati ya mawe. Dawa yake ni uzi mwembamba, boya dogo, chubwi jepesi, na saa za alfajiri kabla watu hawajashuka ufukweni.

Chambo bandia, yaani kijiko cha chuma kinachometameta, spina yenye bati linalozunguka, au mnyoo wa plastiki, hakina kazi kubwa Kivu kwa sababu kimetengenezwa kwa samaki awindaye wenzake. Mahali pa kukiona kikifanya kazi katika Afrika Mashariki ni Ziwa Naivasha, Kenya. Mwaka 1929 aliingizwa humo besi mwenye mdomo mkubwa, Micropterus salmoides, kutoka Marekani, kwa ajili ya uvuvi wa burudani na wa chakula. Besi hujificha kando ya mafunjo au magugu ya majini, na kurukia kinachopita. Kamba wekundu wa maji baridi walipoletwa Naivasha mwaka 1970, wakawa chakula chake kikuu, na chambo chenye umbo na rangi ya kamba, kikiburutwa polepole karibu na tope, kikawa na maana. Penye magugu, ncha ya ndoana hufichwa ndani ya mnyoo wa plastiki ili isinase majani. Maji yakiwa na matope, spina inayotetemeka humfikia besi kabla macho yake hayajakiona chambo, kwa kuwa samaki huhisi mtikisiko kupitia mstari wa fahamu ulio ubavuni mwake.

Naivasha nalo ni ziwa la msongamano: boti za watalii, nyavu za wavuvi, viboko, na mashamba ya maua yanayochota maji yake. Besi aliyekwisha kuchomwa na ndoana au kushtuliwa na injini mara kwa mara huwa mwangalifu. Kwa samaki huyo chambo kikubwa chenye kelele hakifai tena. Kinachofaa ni chambo kidogo, chenye rangi iliyopoa, kinachotupwa kutoka mbali na kuachwa kizame chenyewe kabla ya kuvutwa.

Tukirudi Kivu, tishio kubwa kwa sambaza linatoka kwenye nyavu za matundu madogo zinazotumiwa pwani, zikiwemo zile ziitwazo kaningini na hata vyandarua vya mbu. Sambaza huzaa karibu na pwani na wachanga wengi hukulia huko. Wavu wa aina hiyo huwazoa kabla hawajazaa hata mara moja, na huwazoa pamoja na indugu ambao ulimwengu hauna wengine. Nyavu hizo zimepigwa marufuku Rwanda, na kila mwaka uvuvi wa sambaza husimamishwa kwa takriban miezi miwili ili samaki wazaane. Katika miezi hiyo mitumbwi ya ikipe hufungwa pwani, taa huzimwa, na bei ya sambaza hupanda sokoni.