Mkanda wa jeshi: Upele hupona, maumivu yakabaki

MGONJWA wa mkanda wa jeshi hudhani amepona pindi malengelenge yanapokauka. Lakini kwa baadhi ya watu, hasa wazee, hapo ndipo mateso mengine huanza. Ngozi haina kidonda, ila palipokuwa na upele panawaka moto, na hata kuguswa na shati huwa adhabu.

Maumivu hayo yakidumu zaidi ya miezi 3, madaktari huyahesabu kuwa maradhi ya mishipa ya fahamu. Virusi vya tetekuwanga, ambavyo hubaki mwilini kwa miaka mingi, huamka kinga inapodhoofika na kuijeruhi mishipa hiyo. Nayo huendelea kuupelekea ubongo habari za maumivu ingawa ngozi imepona.

Ndiyo maana mkulima wa Masii au Wamunyu, eneo la Mwala, Kaunti ya Machakos, anaweza kumeza vidonge vya dukani mwezi baada ya mwezi asipate nafuu. Vidonge hivyo havitulizi vyema mshipa ulioharibika.

Dawa inayofaa zaidi huenda ikawa ya bei nafuu. Amitriptilini, kwa kipimo kidogo cha miligramu 10 au 25 usiku, hutuliza mishipa na kuleta usingizi. Wapo wanaoikataa wakisikia kuwa hutibu pia mfadhaiko, wakidhani wameitwa wendawazimu. Sivyo hata kidogo. Hata hivyo, mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume iliyovimba amweleze daktari kwanza.

Gabapentini na pregabalini ni njia nyingine, ingawa huleta kizunguzungu, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa kipimo. Zipo pia plasta za lidokeini na krimu iliyotengenezwa kwa kiini cha pilipili. Mgonjwa asijipake pilipili ya jikoni, kwani itamchoma bure.

Dawa hizi huhitaji majuma kadhaa kabla ya kuonyesha matokeo, na mara nyingi hupunguza maumivu bila kuyamaliza. Anayeziacha baada ya siku 3 hajazijaribu.

La muhimu zaidi ni kuwahi. Upele wa upande mmoja wa mwili ukitokea, mgonjwa afike hospitalini, iwe Mwala au Machakos mjini, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe asikloviri. Kijana apimwe pia virusi vya Ukimwi, kwani mkanda wa jeshi huweza kuwa dalili ya kwanza.